Mbinu Kumi za Kumfanya Mwanachuo Asome Kazi ya Mwenzake Mtandaoni, Kuanzia Dhaifu Hadi Kiboko

Kila muhula ni yale yale. Mhadhiri anafungua ukurasa wa kozi, anaweka kazi, anaandika: kila mmoja asome insha za wenzake watatu na atoe maoni. Wiki nzima kimya. Saa tano na dakika hamsini, usiku wa siku ya mwisho, mvua inaanza kunyesha: "Kazi nzuri." "Safi sana mkuu." "Hongera, endelea hivyo hivyo." Aliyekesha na insha ya kurasa kumi na mbili anaambulia maneno matatu na dole gumba.

Wengi wakiona hivyo husema wanafunzi wa siku hizi ni wavivu. Nakataa. Vijana hao hao wataandika aya nne saa saba usiku kubishia penalti ya Simba na Yanga, wakitaja dakika, jina la mwamuzi na mahali beki alipoweka mguu. Huo ni uhakiki, tena wenye ushahidi. Uwezo wanao. Wanachokosa ni sababu ya kuhangaika na insha ya mtu.

Basi nimezipanga mbinu zinazotumika kuwahamasisha, kuanzia mkiani kwenda kileleni. Vigezo vyangu ni viwili tu: je, inamfanya mtu asome kweli? Na je, aliyesomwa anaondoka na kitu cha kurekebisha? Mpangilio ni wangu na nitautetea. Ukiona nimeionea mbinu yako, kaa mkao wa kubisha.

10. Tangazo la CR (mwakilishi wa darasa) kwenye kundi la WhatsApp

"Wapendwa, mnakumbushwa kupitia kazi za wenzenu. Tushirikiane. Asanteni." Ujumbe unasomwa na darasa zima. Wanaojibu ni watatu, na wawili kati yao wanauliza kama boom, yaani fedha ya mkopo, limeshaingia. CR hana kosa hapa. Anafanya kazi ya kujitolea na lawama zote zinamwangukia yeye. Ila ombi lisilo na sababu haliwezi kushindana na boom.

*Hukumu:* Mkiani kwa haki. CR anunuliwe soda.

9. Kitisho

"Asiyetoa maoni atakatwa maksi tano." Kitisho kina nguvu, sikatai. Kesho yake darasa zima limetoa maoni. Yasome sasa. Mtu anayekimbia sapu hufanya kile tu kinachomtoa kwenye hatari, na kinachomtoa kwenye hatari hapa ni kuandika chochote kabla ya saa sita usiku. Kuna anayenakili maoni mamoja na kuyabandika kwenye insha tatu, moja ya malaria, moja ya mikopo midogo, moja ya riwaya.

*Hukumu:* Ukurasa unajaa, insha zinabaki vilevile.

8. Beji, nyota na "Mhakiki Bora wa Wiki"

Wiki ya kwanza shangwe. Wiki ya tatu walio juu ni wale wale watatu, na aliye nafasi ya tisini na nne ameshaona kwamba mbio hizi si zake. Mbaya zaidi, nyota hupewa mwenye maoni mengi, na mwenye maoni mengi mara nyingi ndiye mwenye muda mwingi.

*Hukumu:* Nzuri kwa kuamsha watu. Kwa kuwaweka macho muhula mzima, hapana.

7. Maksi kwa kila maoni

Hapa najua nimechokoza nyuki. Ukitoa maoni mara moja unapata maksi moja, mara tano maksi tano. Haki gani tena unataka? Sikia kwanza.

Mwaka 1971 mwanasaikolojia Edward Deci alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa wanafunzi wa chuo huko Marekani. Aliwapa fumbo la Soma, vipande vya kupanga mpaka vitoe umbo fulani, kitu ambacho wengi walikipenda bila kulazimishwa. Kundi moja likaanza kulipwa dola moja kwa kila umbo lililopatikana, jingine halikulipwa. Kipindi kilichofuata malipo yakakatwa. Mtafiti akatoka chumbani kwa dakika nane, akawa anaangalia kwa siri: fumbo liko mezani, majarida yako pembeni, watafanya nini? Waliokuwa wameonja dola walilichezea fumbo kwa muda mfupi kuliko walivyolichezea kabla ya kulipwa. Lakini wale waliopewa sifa ya mdomo badala ya fedha, hamu yao haikuporomoka namna hiyo. Hilo la sifa lishike, tutakutana nalo kileleni.

*Hukumu:* Maksi ziwepo, ila zifuate ubora. Ukilipa kwa kuhesabu vichwa, utaletewa vichwa.

6. Kuwasimulia kisa cha Einstein

Mwanafunzi akikosolewa hununa, na akishanuna hakosoi tena wala hakosoleki. Mpe kisa hiki. Mwaka 1936 Albert Einstein na msaidizi wake Nathan Rosen walipeleka makala kwenye jarida la *Physical Review*, wakidai kwamba mawimbi ya mvutano hayapo. Mhariri akampa mhakiki aisome. Mhakiki akarudisha kurasa kumi za maoni: kuna kosa. Einstein akawaka. Akamwandikia mhariri kulalamika kwamba makala yake imeonyeshwa kwa mtu kabla ya kuchapishwa, akaiondoa na kwenda zake.

Mhakiki yule, ambaye baadaye ilijulikana kuwa ni Howard Percy Robertson, alikuwa sahihi. Makala ilipotoka mwaka 1937 kwenye jarida jingine, hitimisho lilikuwa limegeuka. Na Septemba 2015 mitambo ya LIGO huko Marekani ikayanasa mawimbi yenyewe.

*Hukumu:* Kisa kitamu, na kinatuliza kununa. Mwenzako akikuonyesha kosa ukurasa wa nne, uko foleni moja na Einstein. Lakini kisa peke yake hakijawahi kumfanya mtu afungue kazi ya mwenzake Ijumaa jioni.

5. Kuficha majina

Darasa la chuo halina rika moja. Kuna binti wa miaka 20 aliyemaliza kidato cha sita juzi, na kuna mwalimu wa miaka 45 aliyeomba ruhusa kazini aje kutafuta digrii. Asubuhi binti anamwamkia: "Shikamoo mwalimu." Jioni mfumo unamtaka amwandikie kwamba hoja yake ya pili haina ushahidi. Unadhani ataandika nini? Ataandika: "Kazi nzuri sana mwalimu, nimejifunza mengi." Kwake huko si kukwepa kazi; ndivyo alivyolelewa, na amelelewa vizuri.

Ficha majina uone. Binti yule yule ataandika kwamba hoja ya pili haina ushahidi, na kwamba takwimu za ukurasa wa tano ni za zamani. Na mwalimu naye, ambaye angemwona binti kama mwanawe na kumhurumia, ataacha kuhurumia.

Najua mtakavyojibu. Mtasema marafiki wanatambuana kwa uandishi; yule anayeanza kila aya na "aidha" anajulikana mpaka hosteli ya pili. Mtasema pia kwamba wapo ambao jina likifichwa, adabu nayo inafichwa. Yote kweli. Dawa ni majina yafichwe kwa wanafunzi na yabaki wazi kwa mhadhiri, jambo ambalo mifumo mingi inaliruhusu. Matusi yakitokea, mwenyewe anajulikana.

*Hukumu:* Imefika robo fainali. Anayetaka majina yawe wazi aniambie kwanza kama ameshawahi kumkosoa kwa maandishi mtu anayempa shikamoo.

Mchezaji wa akiba: Bando

Hakupata namba, lakini bila yeye timu haishuki uwanjani. Mwanafunzi anasomea kwenye simu. Wi-Fi ya chuo inashika vizuri karibu na maktaba. Chumba alichopanga mtaani hakuna kitu. Halafu mwenzake kapakia faili la megabaiti kumi na nane kwa sababu kapiga picha kurasa za daftari. Nani atalifungua?

Maneno yaandikwe moja kwa moja kwenye ukurasa, yasizidi 800, na siku ya mwisho iwe katikati ya juma watu wakiwa chuoni, badala ya Jumapili usiku. Haya hayagharimu chuo hata shilingi.

*Hukumu:* Bando halimtii mtu hamasa. Likikosekana, mbinu zote kumi zimelala.

4. Maksi za uhakiki wenyewe

Hii inatofautiana na namba 7, maana inapima ubora wa maoni, si idadi yake. Moodle, mfumo ulioanzishwa na Martin Dougiamas kule Australia na toleo lake la kwanza kutoka mwaka 2002, ndio unaotumiwa na vyuo vyetu vingi, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Huria. Ndani yake kuna zana inayoitwa Workshop. Uzuri wake ni kwamba inatoa alama mbili: moja ya kazi uliyoiandika, nyingine ya jinsi ulivyohakiki kazi za wenzako. Usipoigusa mipangilio, ya kwanza ni 80 na ya pili ni 20.

Weka hesabu mezani. Kazi ikiwa na maksi 10 kati ya zile 40 za kabla ya UE, yaani mtihani wa mwisho, uhakiki wako una maksi mbili. Maksi mbili! Kuna watu wamedisko kwa pungufu ya hapo.

Sasa maajabu yake. Ili kujua umehakiki vizuri, mfumo hulinganisha alama ulizotoa na zile za wenzako waliosoma kazi hiyo hiyo. Tathmini iliyo karibu zaidi na wastani huhesabiwa kuwa bora, na waliobaki hupungukiwa kadiri walivyo mbali nayo. Kwa hiyo mmoja aliyegundua kwamba insha nzima imenakiliwa, akatoa 2 wakati wenzake wametoa 8, anaweza kuadhibiwa kwa kuwa macho. Mhadhiri ana uwezo wa kuingilia na kubadilisha alama hiyo. Tafadhali aingilie.

Na wale wanaodai kwamba mwanafunzi hawezi kumsahihisha mwanafunzi, mwaka 2000 Nancy Falchikov na Judy Goldfinch walikusanya tafiti 48 zilizolinganisha alama za wanafunzi na za walimu. Uwiano wa wastani ulikuwa 0.69, ambapo 1 maana yake ni kwenda sambamba kabisa. Hawajafika kwa mwalimu, ila wanamwona kwa karibu. Tena walikaribiana naye zaidi pale vigezo vilipoeleweka na kazi ikapimwa kwa ujumla wake.

*Hukumu:* Mbinu ya watu wazima. Inataka mhadhiri anayepitia matokeo, maana mashine haijui nani kanakili.

3. Kupigwa msasa kwanza

Anayeandika "Kazi nzuri mkuu" mara nyingi ni mtu asiyejua atafute nini. Unampa mtu insha ya mwenzake bila kumwonyesha uhakiki unafananaje, halafu unashangaa.

Katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, miaka ya 1990 mkemia Orville Chapman na wenzake walitengeneza mfumo wa Calibrated Peer Review. Kabla hujagusa kazi ya mwenzako, unapewa sampuli tatu ambazo alama zake mwalimu anazijua. Unazipima. Ukipishana sana na mwalimu, unarudi kuzisoma upya. Ukifuzu, ndipo unakabidhiwa kazi za watu, na mwisho unaipima ya kwako.

Tuchukue mfano wa kwetu. Insha inahusu kupanda kwa bei ya mahindi katika soko la Kibaigwa. Mhakiki ambaye hajapigwa msasa anaandika: "Iko poa, rekebisha sarufi kidogo." Aliyepigwa msasa anaandika: "Aya ya tatu unasema bei inapandishwa na madalali. Lakini jedwali lako linaonyesha imepanda Februari, wakati maghala yanakaribia kuisha na mavuno bado. Madalali wapo hata Julai bei ikiwa chini. Je, una ushahidi unaotenganisha mambo haya mawili?"

Soma tena hayo maoni ya pili. Hayana tusi, wala hayana sifa ya bure. Yametaja aya, yametaja jedwali, yamemaliza na swali ambalo mwandishi hawezi kulala bila kulijibu. Mtu akishaandika maoni ya namna hiyo mara moja, anajisikia mtaalamu, na anayejisikia mtaalamu hasukumwi.

*Hukumu:* Medali ya shaba. Mhadhiri akisema hana muda wa kuandaa sampuli tatu, atumie insha za mwaka jana, majina yakiwa yameondolewa.

2. Ubinafsi

Ndiyo, umesoma vizuri. Acha hotuba za "tusaidiane", mwambie mwanafunzi ukweli: anayehakiki ndiye anayefaidi zaidi.

Kristi Lundstrom na Wendy Baker walilipima hili katika Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, wakachapisha mwaka 2009. Walikuwa na wanafunzi 91 wanaojifunza kuandika Kiingereza, katika madarasa tisa. Nusu walifundishwa kutoa maoni tu kwenye insha, hawakupokea yoyote. Nusu nyingine walifundishwa kutumia maoni, bila kutoa. Mwisho wa muhula, waliokuwa wakitoa ndio walioonyesha maendeleo makubwa zaidi katika uandishi wao wenyewe, na zaidi wale waliokuwa wameanzia ngazi ya chini.

Ukifikiri, inaingia akilini. Nyani haoni kundule. Utangulizi wako wa kurasa mbili usiofika kwenye hoja unauona mzuri kabisa, mpaka ukutane na wa mwenzako wa namna hiyo hiyo, uchoke nao, uanze kupiga kelele peke yako chumbani, "Sema basi!" Ghafla unakumbuka wako. Unarudi kuufyeka usiku huohuo. Hakuna aliyekuambia.

Hii ndiyo sababu namwonea huruma anayemlipa mtu amwandikie maoni. Anauza sehemu yenye faida na kubaki na risiti.

*Hukumu:* Wapiga msuli, hii ni njia ya mkato halali. Tena inapatikana bila kununua nondo yoyote.

1. Kujibiwa

Kileleni hakuna beji, hakuna dola. Kuna mtu mmoja aliyeandika: "Nimeona ulichosema kuhusu Februari. Nimebadilisha aya yote. Asante sana."

Ile sifa ya mdomo ya Deci ndiyo hii. Mwanafunzi akijua kwamba maneno yake yatasomwa, yatapimwa na yatajibiwa, anaandika tofauti. Christian Schunn na Kwangsu Cho wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh waliliingiza jambo hili katika mfumo wao wa SWoRD: mwandishi akishapokea maoni, naye huyapima yalimsaidia kiasi gani. "Kazi nzuri mkuu" ikipimwa hivyo haina pa kujificha.

Kuna sharti moja ambalo vyuo vingi vinalikosea, na hapa naomba uniache niseme kwa uchungu. Maoni yaje kazi ikiwa bado rasimu. Kumwambia mtu kasoro za insha baada ya kuikusanya na kupewa alama ni kumpotezea muda yeye na kumpotezea muda aliyesoma. Wote wawili wanalijua hilo, na ndiyo maana wote wawili wanafanya ilimradi.

Na msiniambie kwamba utamaduni wetu haujazoea watu kujibizana kwa maandishi. Washairi wa Kiswahili walikuwa wakipimana vina na mizani hadharani kwenye kurasa za *Mambo Leo*, gazeti lililoanza mwaka 1923. Sheikh Amri Abedi aliandika kitabu kizima cha sheria za utunzi mwaka 1954, na Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974 bila kufuata vina na mizani, wenye jadi walimjia juu, vijana wa chuo wakamtetea, na ubishi ukaendelea kwa miaka. Hakuna aliyewapa washairi wale beji wala maksi tano. Kila mmoja alijua kwamba akiandika, atajibiwa, na atajibiwa na mtu anayeijua kazi yake beti kwa beti.

*Hukumu:* Bingwa, bila mikwaju ya penalti.

Mhadhiri unayesoma hapa, muhula ujao sogeza maoni yaje siku saba kabla ya kukusanya kazi, na umtake kila mwandishi aeleze kwa sentensi mbili amebadilisha nini na nini amekataa kubadilisha, na kwa nini. Mwanachuo, ile rasimu iliyokaa kwenye akaunti yako tangu Jumatatu, mwenye nayo anachungulia kila saa. Na wewe unayetaka namba 7 ipande juu, leta hoja zako, ila kwanza wape wenzako watatu wazisome.